Saa Mbili za Kunyonyesha

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua pacha. Akirudi kazini, anaruhusiwa hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Baba hupata siku 3, zinazotosha labda kununua nepi.

Sasa mchukue mama mhasibu anayeishi Mbagala, Dar es Salaam, na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji. Saa mbili hizo humwishia kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa kabla hajamgusa mtoto. Kinachobaki ni kujifungia chooni akamue maziwa, huku mwenzake anagonga mlango. Siku dada wa kazi naye anapoaga kurudi kwao, barua ya kuacha kazi inaandikwa. Kisha utasikia ofisini: wanawake hawadumu. Hawadumu, au wamesukumwa?

Kumpoteza mhasibu mzoefu na kuanza kumfundisha mgeni ni hasara ya kujitakia. Waajiri, tengeni chumba chenye kiti, pazia na jokofu, na saa za kuingia na kutoka mkubaliane na mama huyo kabla likizo yake haijaisha.