AKIBA YA UZEENI

Hesabu ya watu ya 2009 ilikuta wazee wa miaka 60 na zaidi kama milioni 1.9 katika Kenya. Ya 2019 ilikuta milioni 2.7. Zamani tulisema watoto ndio akiba. Lakini hapa Kisumu, Siaya na Homa Bay UKIMWI uliwachukua wazazi wengi, nyanya zetu wakabaki kulea wajukuu.

Serikali huwapa wazee walioandikishwa, wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Hazitoshi.

Basi tuulize kila mwezi: fedha ya N.S.S.F. tuliyokatwa imefika? Tajiri naye ametoa sehemu yake? Tutunze karatasi zetu za mshahara. Tusingoje mvi ndipo tudai haki.