SAMAKI MKUBWA BWAWANI: ALIWE AU ARUDISHWE?

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mtae



Siku ya kuvua katika bwawa la ushirika ni siku ya furaha. Watoto husimama ukingoni, akina mama huja na ndoo, na kila perege mkubwa atokaye wavuni hupokewa kwa vigelegele. Ubishi huanza baadaye. Mmoja hutaka samaki huyo apikiwe mgeni wa heshima. Wa pili hutaka auzwe kwa kuwa ana bei. Wa tatu husema arudishwe majini, naye huchekwa. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba mara nyingi yule anayechekwa ndiye aliye sahihi, na kueleza ni wakati gani hayuko sahihi.

Ufugaji wa perege si jambo geni upande huu wa nchi. Majaribio ya kwanza ya mabwawa katika Tanganyika yalianza mwaka 1949 huko Korogwe, chini ya milima hii ya Usambara, na huko Malya katika Mkoa wa Mwanza. Tangu wakati huo yamechimbwa mabwawa mengi nchini, na mengi yameachwa. Lalamiko mojawapo linalojulikana kwa kila mfugaji ni hili: samaki ni wengi, lakini hawakui.

Chanzo chake kinaeleweka. Perege huanza kuzaa angali mdogo, akiwa na umri wa miezi michache tu. Jike huyatunza mayai kinywani mwake hadi watoto waweze kuogelea, kwa hiyo wengi husalimika. Bwawa hujaa, chakula hakitoshi, na samaki hudumaa. Hapo ndipo wanachama hukosea. Huwavua wale wachache wakubwa kwa ndoana au kwa wavu, na kuwaacha wadogo "wapate kukua". Lakini miongoni mwa hao wadogo wamo waliokwisha kuwa wazee. Hao ndio wanaobaki kuwa wazazi, na mwaka hata mwaka bwawa huzalishwa na wale walioshindwa kukua.

Mkulima wa milima hii hafanyi hivyo kwa mahindi yake. Hindi kubwa lililojaa punje huning'inizwa juu ya jiko, likapata moshi, likangoja mvua. Hata njaa ikibisha hodi, hindi hilo huguswa mwisho. Hakuna anayekula mbegu bora akapanda punje zilizopooza, kisha akalaumu shamba. Samaki naye ni mbegu.

Jambo hili limepimwa kwa vipimo. Mwaka 1988 wataalamu walianza huko Ufilipino kukusanya sato kutoka nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Katika kila kizazi waliwachagua waliokua upesi wawe wazazi. Ukuaji uliongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 15 kwa kila kizazi. Anayekula wazazi bora kila mwaka anaifuata njia hiyo hiyo kinyumenyume.

Katika maji ya asili nako samaki wakubwa wamewahi kuhifadhiwa. Nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria ziliwahi kuweka kanuni kwamba sangara avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85, ili mdogo apate kukua na mkubwa abaki kuwa mzazi. Na Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojazwa katika miaka ya 1960, lilitoa zaidi ya tani 20,000 za samaki mwaka 1970, kisha mavuno yakaanguka. Sababu haikuwa moja, kwa maana rutuba ya bwawa jipya hupungua yenyewe. Lakini maji yanayovuliwa bila kuacha wazazi hayana cha kurudisha.

Hata hivyo, kumrudisha kila samaki mkubwa ni kosa pia. Kwanza, ukubwa hauna maana bila umri. Aliye mkubwa kwa sababu ya uzee tu hafai kupewa sifa. Wa kuchaguliwa ni yule aliyewapita wenzake wa rika moja. Pili, perege dume hukua kuliko jike. Atakayechagua wakubwa tu bila kutazama jinsia atabaki na madume matupu. Chini ya tumbo dume lina matundu mawili, jike lina matatu. Tatu, bwawa lililojaa halitapona kwa kurudisha samaki, bali kwa kupunguza.

Kwa Mtae lipo jambo la nne. Vijiji hivi viko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yakipoa chini ya nyuzi 20 perege hukua polepole sana. Kwa hiyo samaki mkubwa wa hapa amechukua muda mrefu kupatikana, naye ameonyesha kwamba anaiweza baridi hii. Vifaranga vya kununuliwa kutoka maji ya joto havijatoa ushahidi huo. Tena visiletwe bila shauri la Afisa Uvuvi, kwa kuwa Bonde la Mto Pangani lina perege wake wa asili, na wageni wakitoroka huzaliana nao na kuwaharibu.

Utaratibu unaofaa ni huu. Bwawa likaushwe asubuhi mapema, kabla ya jua kali. Kabla ya samaki yeyote kuuzwa, kuliwa au kupewa mgeni, wachaguliwe wazazi: kwa mfano majike 30 na madume 10 walio bora katika rika lao. Washikwe kwa mikono iliyoloweshwa, wasiguswe mashavuni, nao watiwe katika bwawa dogo la pembeni. Wanaobaki, wakubwa kwa wadogo, ni halali ya sufuria na mizani. Vifaranga vihesabiwe, viwili kwa kila mita moja ya mraba ya bwawa, na tarehe iandikwe katika daftari, ili mwaka ujao umri ujulikane.

Mzigo wa jambo hili utamwangukia katibu. Ni vigumu mtu mmoja kusimama ukingoni na kumnyima mgeni samaki aliye bora, na asiye na azimio mkononi ataonekana mchoyo. Kwa hiyo yafaa kila chama kilipeleke shauri hili mbele ya Mkutano Mkuu kabla ya siku ya kuvua, likubaliwe na kuandikwa katika kumbukumbu: wazazi kwanza, mgeni baadaye. Hapo katibu hatakuwa akisema neno lake, bali neno la wanachama wote.