Mkate Kwanza, Maneno Baadaye

Somo: 1 Wafalme 19:1-18



Leo twamtazama Eliya. Si Eliya wa mlima Karmeli, aliyeomba moto ukashuka, bali Eliya wa jangwani. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu autwae uhai wake. Huyu alikuwa nabii, mtu wa maombi, na bado moyo wake ulichoka. Basi tusimwambie mtoto wa shule kwamba angekuwa na imani asingechoka.

Shirika la Afya Duniani limetujulisha kwamba nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla mtu hajafikia umri wa miaka 18. Huo ndio umri wa watoto wetu walio shuleni. Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule zao mpya, na wengi walilala bwenini kwa mara ya kwanza, mahali wasipomjua mtu.

Mzigo wa mtoto huyo si hesabu na sayansi tu. Pengine matamshi yake yanachekwa. Pengine sanduku lake limevunjwa. Siku ya wazazi kutembelea, wenzake wanakula chapati chini ya miti, naye amejificha nyuma ya bweni kwa kuwa hana mgeni. Nyumbani hasemi neno, maana ajua jinsi karo ilivyopatikana: ng'ombe aliuzwa, na mama akakopa kwenye chama. Atawezaje kusema kwamba shule ile inamwumiza?

Akinyamaza mdomo, mwili husema. Tumbo humwuma kila siku ya kurudi shuleni, na daktari haoni kitu. Hali, halali, alama zinashuka, marafiki anawakimbia. Sisi wakubwa twasema, "Ni mvivu huyu," na kutafuta kiboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa moyoni. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, tumwangalie Mungu alivyofanya.

Malaika hakumkemea Eliya. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Akaja mara ya pili na chakula, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mkate ulitangulia, maneno yakafuata. Mtoto aliyechoka apewe kwanza chakula, usingizi na mkono wa upole.

Kisha Mungu akamwuliza anafanya nini pale, akamsikiliza. Akamwuliza tena, na Eliya akarudia malalamiko yale yale, wala Mungu hakumnyamazisha. Je, sisi husikiliza mara mbili? Mtoto hafungui moyo kwa swali moja lililoulizwa mlangoni.

Mwishowe Eliya alisema kwamba amebaki peke yake. Mungu akamjulisha kwamba wako 7,000 wasiompigia Baali magoti, akampa Elisha wa kutembea naye. Dawa ya upweke ilikuwa watu.

Ndugu, hapo ndipo kazi yetu ilipo. Makanisa yetu ni wafadhili wa shule nyingi katika Kenya. Tusionekane huko siku ya maombi ya mtihani tu. Wazee wa kanisa na akina mama wa ushirika waulize ni watoto gani wasio na mgeni, na kwa ruhusa ya mwalimu mkuu waende siku ya kutembelea wakiwa na chakula. Kasisi wa shule na mwalimu wa ushauri wasaidiwe, maana mmoja hawezi kuwabeba mamia. Nasi wazazi, tumwulize mtoto kuhusu rafiki zake kabla ya kuuliza alama.

Na mtoto akisema amechoka kuishi, tusimdharau wala tusimwache peke yake. Tumwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo moyoni, bali humfungulia mlango. Tumpeleke hospitali, nasi tuzidi kumwombea. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure. Kwenda kwa daktari si kukosa imani. Mungu aliyemtuma malaika kwa Eliya hutuma pia wauguzi.

Tuombe. Ee Baba, uliyemlisha mtumishi wako chini ya mti, uwakumbuke watoto walalao usiku huu wakilia kimya katika mabweni yetu. Utupe masikio ya kuwasikia na miguu ya kuwaendea. Tusimpite hata mmoja. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.