Jeni, siyo jini! Ulizeni nyumbani kuhusu saratani ya matiti

(Mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne)

Najua mmezoea tukija hapa tunaongelea Ukimwi na mimba za mapema. Leo tuongelee saratani ya matiti, au kansa kama wengi tunavyosema. Wavulana naona mnatazamana. Kaeni tu, yanawahusu.

Familia nyingi zina bibi au shangazi ambaye kifo chake kinaongelewa kwa kunong'ona. "Alipata jipu la ziwa." "Alirogwa na mke mwenzie." Mimi mwenyewe nimekua nikisikia hivyo kuhusu bibi mzaa baba. Ubaya wa minong'ono ni huu: kama ugonjwa ulikuwa saratani na hakuna aliyeutaja kwa jina, mabinti na wajukuu watajuaje kwamba nao wanatakiwa kuwa macho?

Kinachorithiwa ni nini? Ni jeni. Jeni, jamani, siyo jini! Jeni ni maelekezo yaliyomo ndani ya seli, unayopata kwa baba na kwa mama. Mwaka 1994 wanasayansi waliitambua jeni iitwayo BRCA1, na mwaka 1995 nyingine, BRCA2. Kazi yake ni kusaidia seli kurekebisha hitilafu. Ikiwa mbovu, hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, yaani mifuko ya mayai, inapanda sana. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto wake ana nafasi 50 kwa 100 ya kuirithi. Na mzazi huyo anaweza kuwa baba! Wanaume nao hupata saratani ya matiti, ingawa ni wachache.

Sasa msitoke hapa mnalia. Kurithi jeni mbovu siyo kurithi ugonjwa wenyewe. Tena, kati ya kila saratani 100 za matiti, ni kama 5 hadi 10 tu zinazotokana na jeni ya kurithi. Lakini mwanamke ambaye mama yake au dada yake aliugua, hatari yake ni kama mara mbili ya wengine. Huyo asisubiri maumivu, kwani uvimbe wa mwanzo mara nyingi hauumi.

Aanze kupima lini? Wataalamu wengi hushauri aanze kama miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligundulika. Mama aligundulika akiwa na miaka 45? Binti aanze kwenye 35. Mhudumu wa afya atampima kwa mikono, na hospitali kubwa zina mamogramu, yaani eksirei ya matiti. Wewe wa miaka 16 hujafika huko. Lakini mama, shangazi na dada zako wakubwa je?

Pale Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wagonjwa wengi wamekuwa wakifika ugonjwa umeshakwenda mbali. Wanaogopa kipimo kwa kudhani majibu yake ni kifo. Kumbe saratani ikiwahiwa ingali ndogo, wengi hupona. Kuchelewa ndiko kunakoua.

Kwa hiyo nawapa kazi ya likizo, maswali matatu tu:

1. Nani katika ukoo wetu aliugua saratani ya matiti au ya ovari?
2. Ni upande wa baba au wa mama?
3. Alikuwa na umri gani alipogundulika?

Uliza kwa adabu, siyo mbele ya wageni. Mama akikwambia, "Mwanangu, unanitakia mabaya?" mjibu, "Hapana mama, nataka uishi. Twende kituo cha afya, nitakusindikiza." Na kweli umsindikize! Wavulana, hata ninyi mnaweza kumpeleka mama au kumkumbusha dada.

Haya, andikeni hayo maswali matatu kwenye daftari, halafu tuanze na yenu.