Majina ya Watu wa Laini



Leo hatuanzi na mshahara. Twaanza na karatasi, lakini mtaona ya kuwa njia ni ile ile.

Mojawapo ya makampuni yaliyofungua mashamba ya chai hapa Kericho katika miaka ya 1920, James Finlay, lilitoka Glasgow, katika nchi ya Scotland. Huko Scotland, mjukuu wa kibarua wa shamba akitaka kujua babu yake aliishije, hufungua madaftari ya hesabu ya watu. Tangu 1841 makarani walipita nyumba kwa nyumba kila miaka 10 wakiandika jina la kila mtu, umri wake na kazi yake. Tangu 1851 wakaandika na parokia aliyozaliwa. Daftari hufungwa miaka 100, kisha kila mtu aruhusiwa kulisoma. Humo utamkuta kibarua mwenye watoto wanne, kila mmoja amezaliwa parokia nyingine. Sababu ni kwamba wengi waliandikwa kazi kwa miezi sita au mwaka, na nyumba ilikuwa ya tajiri. Kazi ikiisha, vyombo vyapakiwa mkokotenini. (Watu wa laini hawahitaji mwalimu wa somo hilo!) Mwaka 1861 makarani waliuliza hata nyumba ina vyumba vingapi vyenye dirisha. Watu hao wakaunda chama chao mwaka 1912, wakiongozwa na Joseph Duncan.

Je, sisi? Hesabu ya kwanza kamili ya watu wa Kenya ilifanywa 1948. Kabla ya hapo Waafrika walikadiriwa tu, kwa orodha za kodi. Kilichoshika jina la babu yetu ni kipande, kwa sheria ya 1915 iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati: jina, kabila, alama za vidole, jina la tajiri, siku ya kuanza na ya kuacha kazi, mshahara. Hakikuandikwa kwa faida yake; kiliandikwa ili akitoroka akamatwe. Hata hivyo, kwa wajukuu wengi hiyo ndiyo karatasi pekee iliyomtaja. Na bibi yetu? Kipande kilikuwa cha wanaume. Watoto waliochuma chai katika miaka ya 1930 nao hawakuwa nacho, na walikuwa wengi.

Msiseme hayo ni ya kale. Mzee mmoja wa kwetu alipostaafu aliambiwa ofisini kwamba amefanya kazi miaka 19. Yeye alihesabu 31. Mkewe alikuwa ameweka karatasi za mshahara ndani ya debe la unga, tangu ile ya kwanza. Tulikaa nazo mezani mchana kutwa, mwezi baada ya mwezi, na miaka 12 iliyopotea ikarudi. Mama huyo hajui kusoma. Jirani yao, aliyeanza kazi juma lile lile, hakuwa na karatasi hata moja, nasi hatukuweza kumsaidia.

Basi katika mkutano ujao wa tawi kila mmoja alete barua yake ya kuandikwa kazi na karatasi za mshahara alizo nazo. Katibu ataandika daftari: jina, mwaka wa kuanza, shamba, mahali pa kuzaliwa, na majina ya wazazi wote wawili. Akina mama wataandikwa kwa majina yao wenyewe, si kwa majina ya waume zao. Wenye vikopo vya vipande vya babu zao, tafadhali msiviuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, vileteni navyo.