Dawa ya Maumivu Isiyomfunga Mtu

Mlituuliza: je, kuna dawa kali ya maumivu isiyomfanya mtu awe mtumwa wake?

Tuanze na madaktari, maana hata wao walinaswa. Katika miaka ya 1884 na 1885, William Halsted, daktari mpasuaji wa New York, alijidunga kokeini pamoja na wenzake ili waone kama inaweza kutia ganzi sehemu moja tu ya mwili. Ganzi waliipata. Lakini Halsted akashikwa na kokeini, kisha na mofini, kwa miaka mingi. Wanakemia ndio waliotafuta ganzi isiyonasa: prokeini ya Ujerumani, halafu lignokeini iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943. Hiyo ndiyo sindano ya kushonwa kidonda au kung'olewa jino. Na nani kati yetu amewahi kutamani kurudi kwa daktari wa meno adungwe tena?

Shida ni kwamba ganzi hiyo huua kila hisia pale ilipodungwa, na baada ya muda huisha. Kwa maumivu makubwa tumebaki na mofini na jamaa zake wa afyuni. Hizo hufanya kazi ndani ya ubongo, na ubongo ndio unaojifunza kuzitamani.

Sasa tarehe 30 Januari 2025 Marekani iliruhusu kidonge kipya, suzetrijini, cha kampuni ya Vertex ya Boston. Fikirini waya wa simu. Ukijikata na panga, neva hupeleka habari hadi ubongoni. Kwenye neva kuna vilango vya kupitisha sodiamu, na visipofunguka habari haisafiri. Ganzi hufunga vilango vya aina nyingi. Kidonge hiki hufunga aina moja, iliyo kwenye neva za maumivu nje ya ubongo. Habari inakatwa njiani.

Lakini tusipige vigelegele bado. Heroini ilipoanza kuuzwa na Bayer mwaka 1898, ilisifiwa kwamba haina mazoea kama mofini! Na OxyContin iliyotolewa Marekani mwaka 1996 ilisifiwa hivyo hivyo, mpaka mwaka 2007 kampuni ya Purdue Frederick ikakiri mahakamani kosa la kupotosha watu juu ya hatari yake. Kwa hiyo mchuuzi sokoni akikuambia vidonge vyake havina mazoea, muulize ni nani amevipima, na kwa miaka mingapi. Hiki kipya kimeruhusiwa kwa maumivu ya muda mfupi tu, kama baada ya kupasuliwa, na kwenye majaribio hakikuvishinda vidonge vya jamii ya afyuni. Bei iliyotangazwa kule ilikuwa dola 15.50 kwa kidonge, karibu shilingi 2,000, na mgonjwa humeza viwili kwa siku.

Hapa kwetu kuna jambo linalotuuma zaidi. Tulimkuta mama mmoja mwenye saratani akilia usiku kucha, na chupa yake ya mofini ya maji imefichwa juu ya kabati. Wanawe waliogopa "atazoea". Jamani! Nairobi Hospice imehudumia wagonjwa kama huyu tangu 1990. Anayekunywa mofini kwa kipimo cha daktari ili atulize saratani si mlevi. Tuliongea na vijana wale, tukapima dawa kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Asubuhi mama aliomba uji.

Mzee mmoja hapa ameuliza kama kidonge kipya kitamfaa mgongo wake unaochoma hadi mguuni. Mzee wetu, kilijaribiwa kwa maumivu hayo hayo, na matokeo yakatolewa Desemba 2024: waliomeza dawa na waliomeza kidonge kisicho na dawa walipata nafuu karibu sawa. Usiuze mbuzi bado.