Mgongo Ukiuma, Itazame na Baiskeli

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Ruangwa)

Msiogope, leo sikuja na sindano. Nimekuja na spana mbili, rula na chupa ya maji. Mtaona kazi yake.

Wakati naingia nimezitazama baiskeli zenu pale ukutani. Zipo za kila aina: Phoenix ya babu yenye keria pana, na hizi za gia zenye tairi za meno manene, ambazo nyingi zimekuja kama mtumba. Safi sana. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004 shule za kata zimeongezeka, lakini kata zetu ni pana. Wewe unayetokea njia ya Mbekenyera au Mandawa unajua vizuri zaidi yangu. Bila baiskeli unafika kipindi cha kwanza kimekwisha.

Sasa nikuulize: je, umewahi kushuka kwenye baiskeli ukajishika kiuno kama bibi aliyetoka kupalilia ufuta? Usicheke. Wengi wenu mmewahi, ila mnaona aibu kusema. Kijana wa miaka 16 anaumwaje mgongo? Anaumwa, tena sana.

Nitakusimulia habari ya msichana mmoja wa kidato cha tatu. Alikuja zahanati akilalamika kuwa mgongo wa chini unamuuma tangu wiki tatu zilizopita. Alikuwa amenunua diklofenaki dukani, anameza kidonge kila asubuhi kabla ya kutoka, tumbo tupu. Kwa hiyo sasa alikuwa na matatizo mawili: mgongo na tumbo linalowaka moto. Dawa zile zinakwangua tumbo, na ukizitumia hovyo zinaweza kuumiza hata figo. Lakini lililonishtua mimi halikuwa hilo. Nilimuuliza, "Leo umekujaje?" Akasema, "Kwa bodaboda. Kuna kaka ananipa lifti." "Unamlipa?" Kimya.

Unanielewa? Lifti ya bure kila siku, mwezi mzima, ipo siku itadaiwa. Simsemi kila dereva wa bodaboda, wapo waungwana. Ila nimewapima mimba wasichana ambao habari yao ilianza hivyohivyo. Huyu binti alikuwa na baiskeli nyumbani. Ameiacha kwa sababu inamuumiza. Nikamwambia kesho aje nayo.

Ilikuwa baiskeli ya gia, ya kaka yake, ambaye ni mrefu. Kiti kimepandishwa juu kwa kipimo cha kaka. Pua ya kiti inatazama mawinguni. Usukani uko mbali na uko chini. Nikamwambia apande, azunguke uwanja, mimi nitembee nyuma. Jamani! Nyonga zilikuwa zinacheza sindimba. Kila akikanyaga pedeli ya kulia kiuno kinaangukia kulia, akikanyaga ya kushoto kinaangukia kushoto. Sindimba ni ngoma nzuri, lakini hebu fikiria kuicheza saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, siku 5 kwa wiki, mkoba wa madaftari mgongoni.

Mgongo wa chini una pingili 5 kubwa. Chini yake kuna nyonga, ambayo ndiyo inakaa juu ya kiti. Nyonga ikiyumba, pingili zinayumba nayo. Nyonga ikisukumwa irudi nyuma, mgongo wa chini unajipinda kama upinde, na misuli na kano za nyuma zinavutwa bila kupumzika. Kwa hiyo ukitaka kuutuliza mgongo, anza na kile unachokikalia.

Kwanza ni urefu wa kiti. Vaa viatu vyako vya shule, mwenzako akushikie baiskeli, kaa sawasawa. Weka kisigino, siyo vidole, kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukilazimika kuinama, kiti kiko juu mno. Goti likibaki limekunjika, kiti kiko chini mno. Halafu unapoendesha unakanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, na hapo goti litabaki na mkunjo mdogo. Ndivyo inavyotakiwa. Wapo wanaopenda kiti kiwe chini ili miguu yote miwili ikanyage ardhi wakiwa wamekaa. Hao magoti yatawalipisha.

Wenye kupenda hesabu, kuna njia nyingine. Kocha Mfaransa, Cyrille Guimard, aliyemfundisha Greg LeMond wa Marekani, mshindi wa Tour de France mara 3 (1986, 1989 na 1990), alikuwa anapima urefu wa mguu kwa ndani, toka sakafuni hadi kwenye kinena, kisha anazidisha kwa 0.883. Jibu ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya pedeli, pale mikono ya pedeli inapozungukia, hadi juu ya kiti. Mguu wa sentimita 80 unakupa kama sentimita 70 na nusu. Mimi hutumia kisigino, maana kisigino hakihitaji kikokotoo.

Angalizo: mlingoti wa kiti una mstari wa mwisho wa kuuvuta. Usiuvuke. Kama mstari umefutika, hakikisha angalau sentimita 10 zimebaki ndani ya fremu. Mlingoti ukivunjika njiani utasahau habari za mgongo.

Sasa njoo kwenye pua ya kiti, ambayo watu wengi hawaitazami kabisa. Mwaka 1999 madaktari wa Israeli walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Walitazama kwa eksirei jinsi nyonga na mgongo vinavyokaa mtu akiwa juu ya baiskeli, kisha wakawainamishia pua ya kiti wanachama wa klabu ya baiskeli waliokuwa wakiumwa mgongo, nyuzi 10 hadi 15. Zaidi ya asilimia 70 yao walipata nafuu au maumivu yaliisha. Kubadilisha kiti tu! Spana moja!

Lakini usikimbilie nyuzi 15. Barabara zetu zina matuta na mchanga, na kiti kikiinama sana utateleza mbele, uzito wote uishie kwenye viganja. Fanya hivi. Simamisha baiskeli mahali tambarare. Laza rula ndefu juu ya kiti, na juu ya rula laza chupa yenye maji nusu. Hiyo ndiyo pima maji yako, kama ya fundi mwashi. Legeza nati za chini ya kiti, kilaze sawa, kisha shusha pua kama sentimita moja na nusu. Kaza sana. Nati ikilegea, kiti kitarudi nyuma chenyewe, hasa ukiwa na tabia ya kumpakia mwenzako.

Tukija kwenye usukani, swali ni moja: je, unaufikia viwiko vikiwa vimekunjika kidogo, au unajinyoosha kama unayechuma embe la jirani? Baiskeli nyingi za gia zilitengenezwa mtu ainame. Wewe huendi mashindanoni, unakwenda kusoma Kemia. Usukani uwe sawa na kiti au juu yake kwa vidole viwili au vitatu. Kwenye baiskeli za zamani, legeza nati ya juu ya shingo mizunguko michache, igonge taratibu kwa kipande cha mti mpaka iachie, pandisha, nyoosha, kaza. Hapa pia upo mstari wa mwisho. Kwenye baiskeli mpya zaidi shingo haipandi. Fundi anaweza kuigeuza juu chini au kukuwekea fupi. Njia ya bei nafuu ni kusogeza kiti mbele kidogo kwenye reli zake. Ukikisogeza sana magoti yatalalamika, kwa hiyo sentimita moja kwa safari moja.

Na usibadilishe vyote siku moja. Badilisha kitu kimoja, endesha siku tatu au nne, usikilize mwili. Weka alama kwa wino mahali kiti kilipokuwa, ili ukikosea ujue pa kurudi. Kama mnashirikiana baiskeli, wewe na kaka yako, kila mtu awe na alama yake. Ni kazi ya dakika mbili asubuhi. Afadhali kuliko diklofenaki.

Mkoba ufunge kwenye keria. Kwenye mchanga tumia gia nyepesi. Kama gia zimekufa, shuka usukume, hakuna anayekuandikia. Na fremu ikiwa kubwa mno, kiti kimeshuka chote na bado nyonga zinacheza, basi hiyo siyo baiskeli yako. Mbadilishane na mtu. Wasichana, kuna watu bado wanasema kuendesha baiskeli kunamwondolea binti ubikira. Ni uongo. Endesha.

Sasa nisikilize vizuri, maana siyo kila mgongo unatibiwa kwa spana. Njoo hospitali haraka kama maumivu yanashuka mguuni kupita goti pamoja na ganzi, kama mguu unaishiwa nguvu, au kama umeshindwa kuzuia mkojo au choo. Hilo la mwisho halingoji kesho. Njoo pia kama umeanguka, kama mgongo unauma zaidi usiku ukiwa umelala, au kama una homa, unakonda na kutoka jasho usiku. Kifua kikuu hakikai kifuani tu, kinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo hata bila kikohozi, na dawa zake serikali inazitoa bure. Mkojo ukichoma, au maumivu ya tumbo la chini yakija na uchafu ukeni, usisingizie baiskeli. Useme tu, hatutakucheka.

Yule binti? Tulishusha kiti sentimita 4, tukainamisha pua, tukapandisha usukani. Nikamwambia asilale kitandani kutwa, atembee, na dawa aache. Wiki ya kwanza alikuja kunilaumu kwamba bado anaumwa. Wiki ya tatu nilimwona barabarani akiwapita wavulana wawili kwenye kilima, nikaogopa hata kumpungia mkono asije akaanguka.

Haya, inatosha. Twendeni nje pale chini ya mwembe. Wenye baiskeli mje nazo, wasio nazo mshike rula na mtazame nyonga za wenzenu, bila kucheka. Nani wa kwanza? Wewe mwenye Phoenix, mbona unajificha?